Misumari ya mabati na sekunde za Maria

Bati la kanisa letu kijijini lilikuwa na misumari 214 upande wa akina mama. Upande wa wazee sijui, maana kutoka pale tulipokuwa tunakaa kulikuwa na nguzo imesimama vibaya inaziba. Hesabu yangu nina uhakika nayo kwa sababu niliirudia kila Jumapili karibu miaka minne. Kwetu ni Vihiga, na familia yetu ni Friends, Wakweka (Quakers kwa Kiingereza), na katikati ya ibada, baada ya kwaya tatu na matangazo na harambee ya choo (hiyo harambee ilidumu mpaka nikamaliza shule ya msingi), pasta alikuwa anasema haya sasa tuingie kwenye kimya, tumsikilize Bwana. Watu wote wanainamisha vichwa, nyanya anafunga macho kabisa, mimi naangalia juu nahesabu misumari.

Kilikuwa kimya cha dakika mbili tatu hivi, alafu mzee mmoja anakohoa na kwaya ya vijana inaanza tena na ngoma. Kwa akili yangu kimya kilikuwa ni kama kituo cha basi, watu wanashuka kidogo wananyoosha miguu safari inaendelea.

Nilipofika chuo ndio nikasoma kwamba Wakweka wa kwanza ibada yao yote ilikuwa hicho kimya. Nikafikiri ni utani. Ati hakuna kwaya, hakuna pasta, hakuna mahubiri yaliyoandikwa, hakuna piano wala ngoma, watu wanaingia wanaketi kwenye mabenchi ya mbao wanaume huku wanawake kule na wanakaa saa nzima, saa mbili, kimya, mpaka mtu mmoja aguswe moyoni asimame aseme. Na huyo mtu anaweza kuwa mwanamke. Na kama hakuna aliyeguswa basi mnapeana mikono mnaenda nyumbani. Hawa wetu wa Kaimosi waliotuletea dini 1902, Hotchkiss na Hole na Chilson, walitoka kwa Friends wa Marekani ambao tayari walikuwa wamekubali wachungaji na nyimbo, ndio maana sisi tukawa watu wa makelele, na leo Kenya ina Wakweka wengi kuliko nchi yoyote duniani. Lakini wale wa zamani walikuwa watu wa kimya.

Basi nikaanza kujiuliza, mtoto alikuwa anafanya nini huko ndani? Saa mbili! Mimi dakika tatu tu nimemaliza misumari yote. Ndio nikakutana na Maria.

Maria Mitchell alizaliwa tarehe 1 Agosti 1818 kwenye kisiwa kinaitwa Nantucket, upande wa Massachusetts, kama kilomita 50 hivi ndani ya bahari ya Atlantiki. Jina lake kwao walilitamka Ma-rai-a. Watoto kumi, yeye wa tatu. Baba yake William alikuwa mwalimu na mtu wa nyota, mama yake Lydia alikuwa mtu wa vitabu, wanasema kabla hajaolewa alifanya kazi kwenye maktaba moja mpaka akamaliza kusoma vitabu vyote alafu akahamia maktaba nyingine. Huyo mama nampenda bure.

Kisiwa chenyewe ni mchanga na upepo. Dini ya Kikweka iliingia pale mwaka 1702 kupitia mwanamke, Mary Starbuck, mke wa mfanyabiashara, ambaye alisikiliza mhubiri aliyepita na baada ya hapo watu wakawa wanakusanyika sebuleni kwake, na ilipofika 1708 wakawa na mkutano wao rasmi (mkutano ndilo jina la Wakweka la kanisa lao). Mimi naona hii si kitu kidogo. Kwetu dini ililetwa na wanaume watatu wenye kofia na mashine ya kupasua mbao, kule ilipitia sebuleni kwa mama mmoja aliyekuwa na sauti, na ukisoma historia ya kile kisiwa unaona wanawake hawakuwahi kuisahau hiyo.

Sasa nikueleze maisha ya mtoto wa pale, na naanza na kitu ambacho msomaji wa Kiswahili ataelewa haraka kuliko Mmarekani mwenyewe. Wakweka walikataa majina ya siku na miezi ya Kizungu kwa sababu mengi ni majina ya miungu ya zamani. Wakahesabu tu. Jumapili wakaiita Siku ya Kwanza, Jumatatu Siku ya Pili, mpaka Siku ya Saba. Januari ni Mwezi wa Kwanza. Ati majirani zao waliona ni mambo ya ajabu, na sisi huku tunasema mwezi wa nane bila hata kufikiri, na siku zetu nazo ni za kuhesabu, mosi pili tatu nne tano, ila sisi tumeanzia siku inayofuata Ijumaa. Kwa hiyo Maria alizaliwa Siku ya Saba kwa hesabu ya kwao, na kwa hesabu yetu ni Jumamosi, siku ya kwanza kabisa.

Kitu kingine ni wewe na nyinyi. Kiingereza cha zamani kilikuwa na neno la mtu mmoja na neno la watu wengi, na mkubwa ukimheshimu unamwambia lile la wengi, kama vile mtu akisimama mbele yako amekuja na ukoo wote. Wakweka wakasema hapana, kila mtu ni wewe, jaji ni wewe, gavana ni wewe, mtoto ni wewe. Hawavui kofia kwa mtu, hawainami. Nikijaribu kuwafikiria wakifika Mombasa wakifundishwa shikamoo, ambayo wanasema maana yake ni nashika miguu yako, nacheka peke yangu. Enzi za Maria watu wengine karibu wote wanaoongea Kiingereza walikuwa wameshaacha hilo neno la mtu mmoja, lakini nyumbani kwa Wakweka bado lilikuwa linatumika, kwa hiyo mtoto akifungua mdomo tu dukani unajua ametoka kwa nani.

Nguo ni kijivu au kahawia, kofia ya kitambaa inayofunika uso pande zote kama farasi aliyewekwa vizibo vya macho. Hakuna muziki, hakuna densi, hakuna mapambo. Na ukienda makaburini hakuna mawe. Ile sehemu ya makaburi ya Wakweka pale Nantucket karibu yote ni uwanja wa nyasi tu, maelfu ya watu wako chini na ukipita unaweza kudhani ni mahali pa kulishia ng'ombe. Nilipomwambia nyanya hiyo alisikitika sana. Kwetu hata mtu maskini anawekewa simenti.

Sasa katikati ya hayo makijivu yote kulikuwa na baba mmoja ambaye alipenda rangi nyekundu. William Mitchell alikuwa mzee wa mkutano, mtu wa kuheshimika, lakini mtoto wake mwingine wa kike ndiye aliyekuja kuandika baadaye kwamba baba akienda kununua vitabu alikuwa anachagua vyenye jalada jekundu, na fremu ya mbao ya darubini yake akaipaka rangi nyekundu ya kuwaka, na sebuleni alining'iniza tufe la kioo limejaa maji ili jua likipiga rangi za upinde wa mvua zicheze ukutani. Hebu fikiria hiyo. Sheria inasema usivae rangi, lakini hakuna sheria inayokataza mwanga kupita kwenye maji. Mimi huyu mzee ndiye aliyenifanya nipende hii hadithi, kabla hata ya Maria mwenyewe.

Halafu kuna bahari. Nantucket iliishi kwa kuvua nyangumi, mafuta yake ndiyo yaliwasha taa za miji mikubwa, na kufikia wakati wa Maria nyangumi wa karibu walishaisha, meli zikawa zinazunguka Amerika ya Kusini mpaka Pasifiki na safari moja ni miaka mitatu au zaidi. Mume anaondoka mke ana mimba, anarudi mtoto anakimbia. Kwa hiyo kisiwa kiliendeshwa na wanawake. Maduka yao, hesabu zao, madeni yao, kulikuwa na mtaa wa maduka ambao watu waliuita mtaa wa sketi kwa sababu wenye maduka karibu wote walikuwa akina mama. Watu wanapenda kusema Wakweka walisomesha wasichana sawa na wavulana kwa sababu ya imani, kwamba nuru ya Mungu iko ndani ya kila mtu, na ni kweli, lakini mimi nadhani imani peke yake isingetosha. Kama baba zenu wote wako upande wa pili wa dunia ni lazima mtu mwingine ajue kujumlisha.

Na hapa ndio saa zinaingia. Nahodha akienda baharini anabeba kronomita, saa maalum isiyoyumba, akilinganisha saa ya nyumbani na jua la pale alipo anajua yuko mashariki au magharibi kiasi gani. Saa ikikosea sekunde 4 tu, karibu na ikweta umekosea karibu kilomita 2. Nikipita pale Maseno kwenye alama ya ikweta huwa nakumbuka hiyo, kwamba sekunde nne ni kama kutoka hapa mpaka sokoni, na kama hapo katikati kuna mwamba basi ni kifo. Kwa hiyo kabla ya safari manahodha walipeleka kronomita zao kwa William Mitchell azipime kwa kutumia nyota, na William alikuwa anafundisha watoto wake wote kumsaidia, wengine wakachoka, Maria hakuchoka. Alipokuwa na miaka 14 baba akiwa hayupo nahodha anakuja mlangoni na kronomita yake na msichana anaipokea anaifanyia kazi. Watu wazima wenye ndevu wanaweka maisha yao kwenye hesabu ya binti wa darasa la nane! Mimi nikiwa na miaka 14 nilikuwa natumwa chumvi na nasahau chenji.

Lakini siku ninayoipenda ni tarehe 12 Februari 1831, yaani siku ya kumi na mbili ya Mwezi wa Pili. Jua lilikuwa linapatwa, ile aina ambayo mwezi unaingia katikati na kubakisha pete ya moto kandokando, na Nantucket ilikuwa ndani ya njia yenyewe. Ni majira ya baridi. Baba akatoa dirisha zima la sebule ya nyumba yao ya Vestal Street, si kulifungua, kulitoa, akasimamisha ile darubini ndogo mbele ya tundu, jicho lake likawa kwenye kioo. Pembeni yake Maria, miaka 12, na kronomita, anahesabu sekunde kwa sauti.

Kazi yake ilikuwa hiyo tu. Kuhesabu. Moja mbili tatu nne, bila kuruka, bila kupunguza mwendo, bila kugeuka kuangalia ile pete ambayo pengine hutaiona tena maishani, maana baba akisema sasa! namba uliyofikia ndiyo itakayoandikwa, na ikiandikwa vibaya kazi yote imeharibika, kwa sababu kwa hizo sekunde walikuwa wanatafuta nyumba yao iko wapi hasa duniani. Nimejiuliza mara nyingi kama alichungulia. Natumaini alichungulia kidogo.

Na ndio nikapata jibu la swali langu. Mtoto wa kukaa kimya saa mbili kwenye benchi bila hata pasta wa kumwangalia anajifunza kukaa na kitu kimoja. Sisemi ni raha. Lakini ile kazi ya dirishani ni ibada ileile, ila hapa kuna namba.

Tusimfanye malaika lakini. Nyumba ya watoto kumi ni vyombo, ni soksi za kutoboka, ni mtoto analia, na mabinti wakubwa ndio akina mama wadogo, hiyo haijalishi ni Nantucket au Mbale. Alijipatia kijichumba kidogo sana chini ya ngazi za kwenda darini, pana nafasi ya meza na mtu mmoja, na akabandika notisi mlangoni kwamba ana kazi msibishe hodi. Kila dada mkubwa ninayemjua angelipa pesa kwa hiyo notisi.

Na ya piano je? Watoto wa Mitchell walitaka piano na piano ni haramu, na baba yao ni mkubwa kwenye mkutano. Wakanunua kimyakimya, ikafichwa kwa jirani, siku wazazi wametoka ikaingizwa nyumbani. Baba akarudi akasikia muziki. Hakuivunja. Mzee wa tufe la kioo angeivunja na uso gani?

Nyanya nilipomsimulia hiyo ya piano aliniambia yake. Mama yake mzazi alikuwa kati ya wasichana wa mwanzo waliokimbilia misheni, na zamani kwetu Waluhya mwanamke hali kuku, kuku ni wa wanaume, mwanamke anapika ananusa tu. Huko misheni wakaambiwa kuleni, hakuna mnyama mchafu. Akala. Akarudi nyumbani akanyamaza nayo miezi, mpaka siku moja akakataa kukaa nje wakati watu wanakula. Nikamuuliza nyanya sasa walimfanya nini, akasema "Walimtazama. Halafu wakaona hajafa." Huyo nyanya wangu mkubwa alifundishwa kusoma Biblia ya Kilogooli na kushona, ndugu yake alifundishwa useremala na hesabu. Nuru iko ndani ya kila mtu lakini hesabu ilikuwa ya wavulana. Hiyo inaniuma mpaka leo, na ndio maana nikisoma habari za mwalimu Mitchell na bintiye huwa nachanganyikiwa kati ya furaha na wivu.

Yaliyofuata kwa Maria nitayapitia haraka kwa sababu mimi nilikuja kwa ajili ya yule msichana. 1835 akafungua shule yake mwenyewe akiwa na miaka 17 na akapokea watoto weusi wakati shule za kisiwa zilikuwa zinawatenga. 1836 akawa mkutubi wa maktaba ya Atheneum, akakaa hapo karibu miaka 20 akisoma kila kitu mchana na kuangalia nyota usiku (ameiga mama yake kabisa). Mle mle ukumbini Agosti 1841 Frederick Douglass, aliyetoroka utumwa miaka mitatu tu nyuma, alisimama kuongea mbele ya watu akitetemeka. 1846 mji ukaungua na maktaba yote ikaenda na moto. Na usiku wa tarehe 1 Oktoba 1847 nyumbani kulikuwa na wageni, yeye akaponyoka akapanda juu ya paa la benki ambapo familia ilikuwa inaishi, akaona nyotamkia ambayo haikuwa kwenye ramani yoyote. Mfalme wa Denmark akamtumia medali ya dhahabu. Baadaye akawa profesa wa chuo cha Vassar. Haya unaweza kuyapata popote.

Kile ambacho watu wanakipita haraka ni mwaka 1843. Mkutano wa Nantucket ulikuwa umekuwa mkali sana, watu wanafukuzwa kwa kuoa nje, kwa muziki, kwa nguo, na kila wakifukuza ndio wanapungua. Maria alikuwa na miaka 25. Wakatumwa watu kuongea naye maana alikuwa haonekani ibadani, na majibu yake yakaandikwa kwenye kumbukumbu: kwamba mawazo yake kuhusu mambo ya dini hayajatulia na hana haja ya kubaki mwanachama. Basi. Hakugombana. Wakamwondoa.

Mimi nimesoma hayo maneno mara nyingi na naona ni Mkweka anayeongea, Mkweka kabisa. Umefundishwa tangu utoto usiseme kitu ambacho hukusikia kweli ndani yako, ukae kimya mpaka uwe na la kusema. Sasa mtu amekaa kimya, amesikiliza, amesikia kwamba hajui. Akasema hajui. Angesema nini kingine? Aliendelea kuvaa zile nguo za kawaida miaka yote, na pamba aliikataa kwa sababu ililimwa na watumwa akawa anavaa hariri, jambo ambalo wale waliotumwa pengine hawakulielewa vizuri.

Mimi bado ni Friends, wa kwenda Krismasi na matanga. Sijaulizwa na mtu yeyote.

Tarehe 3 Novemba 2013 jua lilipatwa na sisi tuliona. Ilikuwa Jumapili, Siku ya Kwanza. Watu wa Pakwach huko Uganda waliliona limefunikwa lote, Turkana watalii walikusanyika wakapigwa na upepo wa vumbi na mawingu, sisi huku Vihiga likabaki kipande kama ukucha. Saa kumi na moja jioni nilikuwa uani na nyanya, amekaa kwenye kiti cha plastiki, tumeweka karai la maji tuangalie humo ndani (najua, wataalamu wanasema si salama). Kuku wakaanza kuingia bandani mmoja mmoja. Majirani wakanyamaza wenyewe bila pasta kusema.

Nikatoa simu nikaanza kuhesabu sekunde kwa sauti ya chini, kwa upuuzi wangu tu, kwa ajili ya Maria. Nyanya akaniacha nifike kama mia na kitu. Alafu akauliza bila kuinua macho kutoka kwenye karai.

"Ile misumari ilikuwa mingapi?"

Nikashtuka. "Misumari gani?"

"Ya kanisani. Uliyokuwa unahesabu nikifunga macho."

"214," nikasema. "Upande wetu. Wa wazee sikuwahi kuona, kuna ile nguzo."

"Wa wazee ni 198," akasema. "Nilikuwa nafagia huko kila Jumamosi."